Kabla Hujaifomati Flashi ya Tawi

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye semina ya makatibu wa matawi na kata. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, kwa ajili ya walioomba nakala.)



Nimepewa dakika ishirini na mada ambayo kwenye ratiba imeandikwa "Utunzaji wa Kumbukumbu za Chama kwa Njia za Kidijitali". Jina zito. Jana usiku nimelitazama nikaona nikilifuata hivyo hivyo nitawalaza kabla ya chai. Kwa hiyo naomba niongelee kitu kimoja, kidogo kuliko kidole gumba: flashi. Na katika mambo yote ya flashi nitaongelea tendo moja, kuifomati, tena kwa simu, maana kompyuta wengi wetu hatuna.

Hebu nyoosheni mikono. Nani ana laptopu yake mwenyewe? Nahesabu minne. Haya, nani ana flashi mfukoni au kwenye pochi sasa hivi? Mnaona wenyewe. Ofisi ya tawi kwetu ni meza, viti vya plastiki, bendera na simu ya katibu. Rejesta ya wanachama iko kwenye flashi. Mihtasari ya vikao iko kwenye flashi. Picha za fomu za matokeo ambazo mawakala walipiga vituoni, flashi. Na flashi hiyo hiyo Jumapili inachomekwa kwenye sabufa kupiga nyimbo za mkutano, Jumatatu inapelekwa steshenari kuprinti barua. Siku ikigoma, au ikijaa, au ikila virusi, mtu mmoja anasema, "Ifomati tu."

Hiyo "tu" ndiyo nimekuja kuisemea. Kufomati ni dhaifu pale tunapotaka kuwe na nguvu, na kuna nguvu pale tunapotaka kuwe dhaifu. Ukitaka siri za watu zipotee, hazipotei. Ukitaka ushahidi wako ubaki salama, unaharibika. Nitaeleza yote mawili, ila kwanza tukubaliane tunaongelea nini, maana mtaani neno hili limechanganywa. Fundi simu akisema "naiflashi simu yako" anaweka programu upya kwenye simu, hayo si yetu leo. Na wale ndugu zetu wa Kenya wanaosema "niflashie" wanataka uwabipu. Sisi tunaongelea kifaa cha kuhifadhia mafaili.

Mimi nasoma sheria, si fundi, kwa hiyo nitatumia mfano wa mahakamani. Wote mmewahi kufika masjala? Pale kuna rafu zimejaa majalada, na kuna daftari kubwa linalosema jalada namba fulani lipo rafu ya ngapi. Karani haendi kupekua rafu moja moja, anafungua daftari. Flashi nayo iko hivyo. Ina sehemu ndogo ambayo ni daftari, na sehemu kubwa ambayo ni rafu. Yale maneno FAT32 mnayoyaona ni aina ya daftari. Herufi FAT zenyewe zinatokana na jina la jedwali linaloonyesha kila faili limewekwa wapi.

Sasa unapofomati kwa simu, na ndiyo maana inachukua sekunde chache hata kwa flashi ya GB 64, simu haiendi kupiga deki kila rafu. Inachana daftari la zamani na kufungua jipya lisilo na kitu. Majalada yamebaki pale pale. Ukiangalia unaona flashi tupu kwa sababu wewe unasoma daftari. Mtu asiyehitaji daftari anatembea rafu kwa rafu na kuokota anachokikuta. Zipo programu za bure kabisa za kazi hiyo. Mojawapo inaitwa PhotoRec, na inavyofanya kazi ni rahisi: kila picha ya JPEG huanza na alama zile zile, kwa hiyo programu inapita flashi nzima ikitafuta alama hizo. Jina la faili haliitaji, folda haiitaji.

Mwenzangu wa hosteli alinunua flashi iliyotumika, kwenye meza ya mtu anayeuza chaja na kava za simu. Ilikuwa tupu. Kwa udadisi tukaipitishia programu hiyo kwenye kompyuta ya maktaba. Zilirudi picha za vitambulisho vya watu, mbele na nyuma, na barua za maombi ya kazi zenye namba za simu. Watu ambao hatuwajui na wao hawatujui. Tulikaa kimya kidogo. Mimi nilichokuwa nawaza ni rejesta zetu.

Haya, tuingie kwenye vitendo, halafu nitarudi kwenye hilo.

Simu yako inahitaji kitu kinachoitwa OTG. Ni uwezo wa simu kuwa mwenyeji, yaani badala ya simu kuchomekwa kwenye kompyuta kama flashi, simu yenyewe inapokea flashi. Utahitaji kichwa au waya wa OTG unaolingana na tundu la simu yako, ama lile dogo la zamani au la Type-C. Bei yake haizidi chipsi mayai. Ukichomeka na hakuna kinachotokea, usikimbilie kusema flashi imekufa. Simu za Oppo, Vivo na Realme nyingi zina swichi ya OTG ndani ya setingi, na hujizima yenyewe usipoitumia kwa muda. Angalia kwanza hapo. Halafu angalia chaji. Flashi inakula umeme wa simu, na simu yenye asilimia tano inaweza kukataa.

Ikishasoma, nenda setingi, sehemu ya hifadhi, ambapo simu inaonyesha nafasi iliyotumika. Utaiona flashi imeorodheshwa chini ya hifadhi ya simu. Iguse, tafuta vile vidoti vitatu pembeni, na ndani yake utakuta fomati. Kwenye Samsung unaweza pia kupitia ile programu ya mafaili. Kila kampuni imejificha mahali pake, ila njia ni hiyo. Simu itakuonya kwamba kila kitu kitafutwa, unakubali, unasubiri, basi. Kabla ya kuchomoa, rudi pale pale uguse alama ya kuiondoa. Jamani, hili la mwisho watu wanalidharau. Flashi nyingi "zinazoharibika" zimechomolewa wakati simu bado inaandika.

Wenye iPhone, najua mpo wawili hapa na mnajifanya hamnisikii. Simu zenu zinasoma flashi tangu toleo la iOS 13 la mwaka 2019, lakini za zamani zinasoma na kunakili tu, hazifomati. Azimeni Android ya jirani.

Sasa kuna mitego miwili ndani ya njia hii na naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo kumbukumbu za matawi zinapokufa.

Mtego wa kwanza. Kuna flashi ambayo mtu wa steshenari ameifomati kwa kompyuta na akachagua daftari aina ya NTFS. Windows inalisoma hilo bila shida. Simu nyingi za Android hazilisomi. Kwa hiyo unachomeka flashi yenye rejesta nzima ya kata, na simu inaleta ujumbe kwamba hifadhi ya USB haitambuliki au ina tatizo, gusa hapa kuiweka sawa. Wewe unagusa. Kwani si imesema iiweke sawa? Ile kugusa ni mlango wa kufomati. Mara mbili tatu unakubali, na unaletewa flashi safi, nzuri, inayofanya kazi, isiyo na jina hata moja la mwanachama. Simu haikusema uongo. Imesema haiwezi kusoma, na wewe umesikia kwamba hakuna kitu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Simu ikisema haiitambui flashi, chomoa, peleka kwenye kompyuta, nakili mafaili kwanza, ndipo urudi kufomati.

Mtego wa pili. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, baadhi ya simu zinauliza unataka kuitumia hifadhi hii kama ya kubeba au kama sehemu ya simu. Wengi wanaona "sehemu ya simu" ni ofa, nafasi inaongezeka. Ukichagua hiyo, simu inaifunga flashi kwa ufunguo wa siri unaobaki ndani ya simu hiyo moja. Ukiipeleka kwa mwenyekiti haisomeki. Simu ikiibiwa kwenye daladala, flashi uliyonayo mkononi inakuwa jiwe. Chagua ya kubeba.

Kuhusu aina ya daftari sitakaa sana. Simu nyingi zitaipa flashi FAT32, na nyingine zikiona flashi ni kubwa kuliko GB 32 zinaipa exFAT. FAT32 inasomwa na kila kitu, hadi ile sabufa ya kwenye maturubai, lakini haipokei faili moja linalofika GB 4. Ndiyo maana kamanda wetu mmoja alikuwa anahangaika: flashi ina nafasi GB 20, video ya mkutano wa hadhara haiingii. Video yake ilikuwa GB 6. exFAT haina kikwazo hicho, ila sabufa na redio za zamani zitakataa kuisoma. Nyimbo kwenye FAT32, video ndefu kwenye exFAT. Na, kwa heshima zote, nyimbo ziwe na flashi yake. Hakuna sababu ya rejesta ya wanachama kwenda kupiga muziki.

Tuje kwenye virusi, maana kwa uzoefu wa wengi hapa hii ndiyo sababu namba moja ya kufomati.

Unarudi kutoka steshenari, unafungua flashi kwenye kompyuta nyingine, folda zako zote zimekuwa njia za mkato. Unabofya, haifunguki au inafungua kitu kingine. Wengi mnavijua. Unaambiwa mafaili yameliwa. Hayajaliwa. Virusi vya namna hii kawaida huyaficha mafaili yako, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina, halafu huweka picha za kughushi mbele yake ili ubofye na kuvisambaza. Vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye simu ya Android haviendeshi kitu. Tena ile alama ya Windows ya "ficha folda hii" simu kwa kawaida haiijali. Kwa hiyo chomeka flashi kwenye simu, fungua programu ya mafaili, na mara nyingi utazikuta folda zako zimekaa kama kawaida, pembeni kuna takataka usizozijua. Nakili kwenye simu vile unavyovijua: picha, PDF, hati za Word, Excel. Usinakili kitu kinachoishia na exe, lnk, vbs au bat. Hakikisha hati zinafunguka kwenye simu. Hapo sasa, na siyo kabla, ifomati flashi, kisha rudisha mafaili yako.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika mada hii, kwa sababu inaondoa utumwa. Mmezoea kumpelekea flashi kijana wa steshenari aisafishe, na unamwachia unakwenda kununua nyanya. Dakika kumi anazo kumbukumbu za watu mia tatu mkononi. Simsemi vibaya, wengine ni wanachama wetu. Lakini simu uliyonayo inaifanya kazi ile ile, ukiwa umekaa kwako.

Sasa nirudi kwenye rejesta kama nilivyoahidi.

Rejesta ya tawi ina nini? Jina, namba ya simu, mtaa anaoishi, namba ya kitambulisho, na juu yake kabisa jina la chama. Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu wa shule, muuguzi, mfanyabiashara mwenye leseni inayosubiri kuhuishwa. Ametuamini. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo taarifa za itikadi ya kisiasa inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na za afya na za imani ya dini. Sheria hiyo haiwabani tu mabenki na kampuni za simu. Anayekusanya na kutunza orodha ya watu ana wajibu juu ya orodha hiyo, na sisi tunakusanya. Tunapenda sana kudai haki, na ni vizuri, ila hapa wajibu ni wetu.

Kwa hiyo flashi ikitoka mikononi mwa tawi, iwe inauzwa, inagawiwa kwa kwaya, au anapewa mtoto wa shule, kufomati mara moja hakutoshi. Fanya hivi. Ifomati. Kisha ijaze mpaka isipokee tena, kwa vitu visivyo na siri: rekodi video ndefu ya ukuta, nakili, rudia nakala hadi nafasi iishe. Hapo rafu zenyewe zinaandikwa juu. Kisha ifomati tena. Inachosha, najua. Hata hivyo flashi ina chipu inayozungusha mahali pa kuandikia ili isichakae upande mmoja, kwa hiyo vipande vidogo vinaweza kubaki mahali ambapo huwezi kufika. Kwa rejesta ya wanachama mimi nasema flashi hiyo isitoke kabisa. Imechoka? Nyundo. Ile chipu nyeusi ya ndani ipasuke, siyo ganda la plastiki tu. Bei ya flashi mpya inajulikana, na sijasikia duka linalouza imani ya wanachama.

Bora zaidi ni kutoweka rejesta wazi tangu mwanzo. ZArchiver, programu ya bure ya Android, inakufungia folda nzima kuwa faili moja la 7z lenye nenosiri. Ukifunga hivyo kabla ya kuweka kwenye flashi, atakayeokota rafu ataokota kelele. Nenosiri liwe refu, na lisiwe mwaka wa kuanzishwa chama. (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu ndilo mnalotumia.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Nimebakiza jambo moja na ndilo lililonifanya nikubali kuja. Nimesema kufomati kuna nguvu pale tusipotaka.

Wakala amepiga picha ya fomu ya matokeo kituoni. Akaituma kwenye grupu la WhatsApp. Katibu akaipakua, akaiweka kwenye flashi. Simu ya wakala ikajaa, akafuta. Miezi kadhaa baadaye kuna kesi na wakili anauliza: picha halisi iko wapi? Hapo mtu anasema ile flashi ilipata virusi tukaifomati, lakini tulirudisha kwa programu. Jamani.

Tuanze na WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha, inabanwa na zile taarifa za ndani zinaondolewa, yaani saa iliyopigwa, aina ya simu, mahali kama viliwashwa. Ikitumwa kama hati, faili linabaki lilivyo. Mawakala waambiwe: tuma kama hati. Hilo peke yake ni nusu ya semina. Halafu hiyo "tulirudisha kwa programu". Faili lililookotwa kwenye rafu baada ya kufomati linarudi bila jina lake, bila folda yake, bila tarehe iliyoandikwa kwenye daftari, na wakati mwingine nusu ya picha ni kijivu. Macho yako yanaona fomu. Upande wa pili unaona mwanya wa maswali.

Na maswali hayo si ya uonevu, yapo kwenye sheria. Zamani mahakama zetu zilihangaika kama karatasi iliyotoka kwenye kompyuta ni ushahidi kabisa. Mwaka 2000 Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, ilikubali taarifa za benki zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta, na mwaka 2007 Bunge likarekebisha Sheria ya Ushahidi. Kisha ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Kifungu cha 18, kama kilivyotungwa mwaka ule, kinasema ushahidi usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Tukipenda tuishie hapo tupige makofi. Lakini kifungu hicho hicho kinaendelea: katika kupima uzito wake, mahakama itaangalia taarifa ilitengenezwaje, ilitunzwaje, ilisafirishwaje, ukamilifu wake ulilindwaje, na aliyeitoa alitambuliwaje. Ilitunzwaje! Jibu lako liwe nini, ilikaa na nyimbo za sabufa?

Kwa hiyo flashi ya ushahidi haifomatiwi. Hata ikiwa na virusi. Unanakili kutoka kwake, yenyewe unaiweka kwenye bahasha, unaandika nje nani ameileta, lini, ameikabidhi kwa nani, wote wawili wanasaini. Kila inapohama mkono, mstari mpya. Simu ya wakala aliyepiga picha nayo isifutwe wala kuuzwa hadi wakili aseme. Na mkitaka kwenda mbali kidogo, ziko programu za simu zinazotoa alama ya SHA-256 ya faili, mstari wa herufi na tarakimu 64. Faili likibadilika hata chembe, mstari hautafanana. Andika mstari huo kwenye muhtasari siku hiyo hiyo unapopokea faili. Mwaka mmoja baadaye unaipima tena mbele ya yeyote anayebisha.

Upande wa pili wa shilingi ni mkali zaidi. Kuna mtu atasikia polisi wanakuja ofisini, na mkono wa kwanza unakwenda kwenye fomati. Naomba tuelewane. Kusafisha flashi kama utaratibu wa kawaida wa ofisi ni jambo moja. Kuisafisha kwa sababu unajua inatafutwa ni jambo lingine kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalifanya kuwa kosa kufuta data kwa nia ya kuzuia au kuchelewesha uchunguzi, na Kanuni ya Adhabu tangu zamani inaadhibu anayeharibu kwa makusudi kitu anachojua kinaweza kuhitajika kama ushahidi mahakamani. Mtu aliyekuwa hana kosa anajitengenezea kosa kwa sekunde kumi. Kama nilivyoeleza, hata hivyo vitu havijafutika, kwa hiyo umepata kosa na siri hukuipata. Mpigie wakili. Wakichukua flashi, omba hati inayoorodhesha walichochukua. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayekamata mali atoe risiti. Andika rangi ya flashi, ukubwa, na namba kama ipo.

Kaka mmoja hapo mbele ameniuliza kabla sijaanza, flashi yake ya TB 2 aliyonunua kwa elfu kumi na tano mbona kila akifomati picha zinaharibika tena. Kaka yangu, hakuna TB 2 ya elfu kumi na tano. Ndani humo kuna pengine GB 8, na chipu imefundishwa kudanganya. Unapopita ukubwa wake halisi, inaandika juu ya vya zamani huku ikikuambia kila kitu kipo. Kufomati hakutibu, maana daftari jipya litaandika uongo ule ule. Iwe ya nyimbo.

Basi. Baada ya chai tunafanya kwa vitendo. OTG ziko tatu pale mezani, mbili za Type-C na moja ya tundu dogo, tutapokezana. Wenye flashi tupu au za nyimbo wakae meza ya kulia, hao wanaanza kufomati moja kwa moja. Wenye flashi zenye rejesta au picha za fomu wakae kushoto kwangu na wasichomeke chochote bado. Bahasha na kalamu ziko kwa katibu wa jimbo, tunaanza na kuandika majina.